Mdomo Mmoja, Sauti za Watu Wote

Ukipita Mwanjelwa jijini Mbeya jioni, au Mashine Tatu mjini Iringa, unaweza kumsikia kabla hujaiona picha. Ni sauti moja inayopanda na kushuka. Inafoka kwa niaba ya adui, inabembeleza kwa niaba ya mrembo, halafu katikati ya risasi inamtuliza mtu wa benchi la nyuma kwamba asiwe na wasiwasi, stelingi hafi mapema hivi. Ndani ya kibanda umiza watu wamelipa hela kidogo kuangalia picha ya Kizungu, ya Kichina au ya Kihindi. Waulize picha ni ya nani, na usishangae wakikutajia jina la aliyeitafsiri kabla ya jina la aliyeigiza.

Mtafsiri wa picha, au DJ kama vijana wanavyomwita, ni fundi tuliyemzoea mno hata tukasahau kumsifu. Kazi ya watu wengi anaifanya kwa mdomo mmoja: anaeleza kinachosemwa, anaigiza sauti za wahusika, anafafanua mila za watu wa mbali, anatabiri, anatania, na mara nyingine anabishana na picha yenyewe. Yote hayo anayafanya mbio, maana picha haimsubiri. Picha za ngumi humpa nafuu kwa sababu ngumi haihitaji mkalimani, na za mapenzi nazo zina njia zake zinazojulikana. Anapopimwa hasa ni kwenye hadithi za kubuni za kisayansi: watu wanaoyeyuka chumbani na kuibukia sayari nyingine, viumbe vinavyobadilika sura, meli zinazoipita kasi ya mwanga. Hapo ndipo fundi anapojitenga na mbabaishaji.

Ufundi wenyewe una ukoo mrefu. Enzi za sinema bubu Wajapani walikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama kando ya pazia na kuongea badala ya waigizaji. Wapo watazamaji waliokwenda sinema kwa ajili yake tu, mpaka miaka ya 1930 picha zenye sauti zilipomnyang'anya kazi. Kwetu msimulizi alikuja kwanza kwa sura ya mwalimu. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, uliweka makao Vugiri kwenye milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa gari Afrika Mashariki na ya Kati, maelezo yakitolewa kwa lugha za wenyeji. Sauti ile ilikuja kufundisha kilimo, afya na kuweka akiba posta. Mtazamaji alikaa chini, akaambiwa.

Mtafsiri wa kibandani alizaliwa baadaye sana, mikanda ya video ilipoingia mitaani, na yeye alikuja kukaa benchi moja na mtazamaji. Tanzania Bara ilichelewa kupata televisheni. Vituo vya kwanza vya binafsi vilianza 1994, na watu wengi wa mikoani waliendelea kukutana na picha za nje kwenye deki ya kibanda. Kampala walikuwapo akina VJ Jingo wakisimulia kwa Kiganda, na Kenya ikamtoa DJ Afro. Dar es Salaam walivuma King Rich na marehemu Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Mwaka 2010 mwanaanthropolojia wa Kijerumani, Matthias Krings, aliandika makala kuhusu watafsiri hawa wa Tanzania, na kichwa cha makala hiyo kinasema kazi yao ni kugeuza wali kuwa pilau. Sijaona maelezo yanayoushinda usemi huo. Mchele ni wa mwenye shamba, lakini viungo na moto ni vya mpishi.

Basi tumpe mpishi huyo mchele mgumu tuone. Tuchukue Star Trek, ile ya kwanza kabisa ya Gene Roddenberry, iliyorushwa na NBC ya Marekani kuanzia Septemba 8, 1966 hadi Juni 1969, episodi 79 kwa jumla. Ni kongwe. Mitambo yake inaonekana wazi kuwa ni mbao na taa za rangi, na watu wake wanajadiliana zaidi ya wanavyopigana. Mbabaishaji angeikwepa akatafuta kitu chenye bastola. Lakini mtafsiri wa Mbeya au Iringa akiitazama kwa utulivu atakuta imejaa mambo ya kwao.

Kazi huanza kabla kipaza sauti hakijawashwa. Fundi hutazama picha yote kwanza, tena akiwa peke yake, ili ajue nani anamsaliti nani na kicheko kiko wapi. Kisha hugawa majina. Kibandani watu huingia picha ikiwa katikati, kwa hiyo jina la mhusika lazima lishikike hata kwa aliyechelewa. Kirk, mkuu wa meli ya angani, atabaki Kapteni. Daktari McCoy atakuwa Dokta. Scotty wa injini atakuwa Fundi Mkuu, na Spock mwenye akili ya mahesabu hawezi kukwepa jina la Masikio. Uhura, mwanamke wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols, hahitaji jina jipya, kwa kuwa lake limetoka kwenye uhuru wetu huuhuu. Watu watano, majina matano, na wengine wote watatajwa kwa nguo zao au kwa ubaya wao. Akizidisha hapo, benchi litaanza kuulizana maswali, na kibanda kinachoulizana maswali kimeshampoteza msimulizi.

Episodi ya kwanza kurushwa, The Man Trap, inahusu kiumbe anayeua watu kwa kuwafyonza chumvi mwilini. Ndiye wa mwisho wa aina yake katika sayari iitwayo M-113, na anaweza kuvaa sura yoyote. Mwanzoni kabisa wanaume watatu wanamtazama kwa pamoja, kila mmoja akiona mtu wake. Dokta anamuona Nancy, mpenzi wake wa zamani, akiwa kijana kama alivyomuacha. Kapteni anamuona Nancy huyohuyo akiwa mama wa makamo. Kijana waliyeongozana naye anamuona binti aliyewahi kukutana naye sayari nyingine. Kamera inaonyesha sura hizo kwa zamu, haraka, bila maelezo. Aliyeinama kuokota chenji ameshapotea.

Hapa mbabaishaji angetoa hotuba kuhusu viumbe wanaobadilika, na hotuba hiyo ingeifunika picha nzima. Fundi angetumia sentensi tatu tu, kila moja ikidondoka pale sura inapobadilika: Dokta anaona ujana. Kapteni anaona mvi. Dogo anaona mambo yake mengine kabisa, tumuache. Benchi litacheka kwa sentensi ya tatu, na huku likicheka litakuwa limeelewa. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha ufundi huu. Utani wa mtafsiri mzuri hubeba taarifa. Ukiuondoa utani wake, hadithi inapungua; ukiuondoa wa mbabaishaji, hadithi inapata nafuu.

Halafu kuna hiyo chumvi. Mtazamaji wa Marekani ilibidi ashawishiwe kwamba chumvi inaweza kuwa kitu cha kuulia. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini ana Ivuna. Kule Momba, mkoani Songwe, wanaakiolojia walikuta kazi ya kutengeneza chumvi iliyokuwa ikiendelea tangu karibu karne ya 13. Ivuna hiyohiyo ndiko lilikoanguka jiwe la angani Desemba 16, 1938, lenye uzito wa takriban gramu 705, la aina adimu mno hata wanasayansi wakalipa kundi lake zima jina la CI, ambapo herufi ya pili ni ya Ivuna. Sampuli ambazo chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilileta kutoka asteroidi ya Ryugu zilipochunguzwa, zilionekana kuwa za ukoo huo. Ongeza Kimondo cha Mbozi kule Ndolezi, chuma kitupu cha tani 16 hivi ambacho wanafunzi wa shule hupelekwa kukishika kwa mikono, na utaelewa kwamba mambo ya angani si mageni huku.

Mtafsiri hana nafasi ya kuyasema yote hayo. Ana pengo dogo kati ya maneno ya mtu mmoja na mwingine. Katika pengo hilo anaweza kusema: "Huyu mama angeijua njia ya Ivuna, asingemgusa mtu." Kibanda kitacheka. Lakini angalia sentensi hiyo imefanya nini. Imemwambia mtazamaji kwamba tatizo la kiumbe huyu ni njaa, ubaya haumo. Hilo ndilo fumbo la episodi nzima, na watu wamelimeza wakicheka, bila kujua kwamba watalihitaji mwishoni.

Kabla ya mwisho kuna jaribu jingine ambalo lingemtoa jasho mtafsiri yeyote: picha yenyewe inaongea Kiswahili. Uhura yuko kwenye ujia wa meli, kiumbe anavaa sura ya mwanamume Mwafrika na kumsemesha kwa lugha ambayo kibanda kizima kinaijua. Kiswahili chenyewe kimepinda, cha Hollywood ya 1966. Mtu anayelipwa kugeuza maneno ya kigeni yawe Kiswahili afanye nini picha inapomtangulia? Akirudia, ni kichekesho. Akisahihisha, ni mwalimu. Kilicho bora ni kushusha sauti yake, kupandisha ya picha, na kuwaacha watu wasikie wenyewe. Watalipuka kwa kicheko, na kicheko hicho hakikutoka kwake, ila yeye ndiye aliyekifungulia mlango. Kikipoa, neno moja linatosha: "Sasa mtazame machoni." Maana yule kaka hakuwa kaka. Alitumia lugha ya nyumbani kama chambo, na mtazamaji aliyekuwa akicheka anajikuta naye alinaswa.

Sehemu zinazokwenda taratibu nazo zina matumizi yake. Watu wanapotembea tu kwenye ujia mrefu, mtafsiri mwenye maarifa huchomeka habari ya pembeni. Anaweza kusema kwamba dada anayeigiza Uhura alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza na kwamba, kwa simulizi yake mwenyewe, aliyemsihi abaki ni Martin Luther King. Habari hiyo haimo kwenye picha, lakini mtu akiijua atamtazama Uhura kwa jicho jingine mpaka mwisho. Kosa ni kuizidisha. Ikifika sentensi ya tatu, imeshakuwa kipindi cha redio.

Mwisho wa The Man Trap, Dokta analazimika kumpiga kiumbe risasi ya mwanga huku kiumbe akimlilia kwa sura ya mpenzi wake. Hapa fundi hunyamaza kabisa. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu msimulizi analipwa ili aongee, na kibanda kimya humfanya mtu yeyote ajihisi ametoroka kazini. Anayejua kazi anajua pia kwamba sauti yake, iliyokuwa ikijaza kila pengo, ina uzito mkubwa inapokosekana. Watu wanashtuka kwamba haongei. Wanaitazama picha kwa macho yao wenyewe. Yale maneno ya Ivuna yanawarudia, safari hii bila kicheko. Mzaha wa mwanzo ulikuwa unaandaa huzuni ya mwisho, na hilo halitokei kwa bahati.

Tumtazame mikono sasa. Zamani kibandani kulikuwa na deki, runinga, amplifaya, mikisa na kipaza sauti, na msimulizi alifanya kazi papo kwa papo, mkono mmoja ukiwa kwenye kitufe cha sauti. Siku hizi kazi nyingi hurekodiwa kwenye kompyuta na kuuzwa kwa flashi na kadi za simu, lakini mkono ni uleule. Picha inashushwa anapoanza kuongea na kupandishwa anapomaliza, na mabadiliko hayo yasisikike. Mlio wa injini ubaki chini ya maneno, la sivyo meli itaonekana imesimama. Muziki ukipanda kwa ajili ya hatari, yeye apishe. Bomu likilipuka, asishindane nalo. Sikiliza kazi mbovu na utasikia sauti ikikatika na kurudi kwa kishindo kila baada ya sentensi. Sikiliza nzuri, na utaapa kwamba waigizaji walizaliwa wakiongea hivyo.

Shida kubwa ni muda. Kiswahili kinahitaji silabi nyingi pale Kiingereza kinapotumia mbili. Ushahidi mzuri uko kwenye episodi ya pili ya mtihani wetu, The Trouble with Tribbles, iliyoandikwa na David Gerrold na kurushwa Desemba 29, 1967. Meli imeitwa kulinda shehena ya nafaka ya mbegu ya kisasa iliyoko kwenye kituo cha angani. Mfanyabiashara mmoja anafika na vidude vya manyoya vinavyonguruma vikibembelezwa, visivyo na macho wala miguu. Kimoja kinaishia mikononi mwa Uhura. Kinazaa. Vinazaana. Dokta anagundua kwamba huzaliwa tayari vikiwa na mimba. Vinajaa kwenye meli, kwenye chakula, kwenye kiti cha Kapteni, na hatimaye ghalani.

Spock anapiga hesabu ya vilivyomo na kutaja idadi yake: 1,771,561. Utani wote umo katika ukamilifu wa hesabu hiyo, kwa sababu mtu mwenye akili zake angesema tu ni vingi. Mtafsiri mvivu angesema "karibu milioni mbili" na kuua kichekesho papo hapo. Lakini kuisema yote, milioni moja, laki saba, elfu sabini na moja, mia tano sitini na moja, kunachukua muda mrefu kuliko midomo ya Spock inavyoruhusu, na sentensi itamwagikia kwenye uso wa Kapteni, ambako ndiko kicheko kilipo. Fundi anajua dawa: anamtangulia mwigizaji. Kwa kuwa ameshaitazama picha, anaanza kuhesabu Spock akiwa bado anavuta pumzi, ili wamalize pamoja na uso wa Kapteni ubaki peke yake. Anayesikiliza hataona chochote. Kazi yote imefichwa ndani ya nusu sekunde.

Na nafaka aiite nini? Kishawishi cha kwanza ni kusema mahindi, maana hii ndiyo nchi ya mahindi, kuanzia Mbozi hadi maghala ya Taifa ya Makambako. Lakini picha inaonyesha punje ndogo, na jicho la mtazamaji lina haki zake. Ukimwambia ni mahindi akaona si mahindi, hatakuamini tena utakapomwambia kwamba mtu amesafirishwa kwa mwanga. Fundi ataiita ngano ya mbegu mpya, kama zile zinazotafitiwa Uyole, kisha mahindi atayaingiza kwa mlango wa utani: kwamba vimanyoya hivi ni ndugu za dumuzi, ila wenzao wamechana nywele. Kila mkulima aliyewahi kufungua gunia akakuta unga wa dumuzi atacheka kwa uchungu. Picha imebaki na ngano yake, na mtazamaji amebaki na mahindi yake.

Kuna ugomvi wa baa katika episodi hiyo ambao unaonyesha wakati wa kutogusa kitu. Klingoni, adui wa Kapteni na watu wake, anamtukana Kapteni, na Fundi Mkuu anawazuia vijana wake wasipigane. Kisha Klingoni anaitukana meli. Fundi Mkuu anasimama na kumchapa ngumi. Baadaye Kapteni anapomhoji, ndipo anapogundua kwamba alitukanwa yeye na hakuna aliyejali. Mbeya iko kwenye barabara ya Tunduma. Imejaa madereva wa malori, mautingo na mafundi wa gereji, watu ambao wanaweza kuvumilia bosi wao asemwe vibaya, ila si gari lao. Kichekesho kama hicho kinajisimamia. Mtafsiri akitafsiri maneno yalivyo na kukaa pembeni, gereji nzima itasimama.

Jaribu la mwisho ni siri. Msimulizi anajua kwamba vidude vilivyokula ile ngano vitakutwa vimekufa, kwamba ngano ina sumu, na kwamba msaliti yuko karibu na ofisa anayeisimamia shehena. Sauti yake isijue zaidi ya wanavyojua wahusika. Kapteni anapofungua mlango wa ghala na kufukiwa na mamia ya vimanyoya, msimulizi lazima ashangae naye. Wapo wanaoshindwa. Hawawezi kuvumilia kujua jambo bila kulisema, nao hupiga kelele "huyo ndiye!" nusu saa kabla ya wakati. Kibandani kosa hilo halisameheki, na hukumu hutolewa papo hapo na walioko kwenye benchi.

Benchi lenyewe si moja. Mbeya ni njia panda: reli ya TAZARA, mpaka wa Tunduma, soko linalovuta watu kutoka Rungwe, Chunya, Mbarali na Zambia. Kinachowaunganisha wote hao ni Kiswahili chepesi cha sokoni, na msimulizi wao anahitaji kasi na uwazi. Iringa ina vyuo, Mkwawa, Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa, kwa hiyo ndani ya kibanda huwezi kukosa mwanafunzi anayefuata Kiingereza chenyewe na anayesubiri DJ ateleze. Msimulizi wa Iringa analazimika kuwa mwaminifu zaidi kwa maneno, na utani wake unahamia kwenye kujibishana na wajuaji. Anayesimulia papo kwa papo anaweza kumfanya Klingoni aingie baa akisema "Kamwene!" Iringa, na "Ugonile!" akiwa Tukuyu. Anayerekodi kwa ajili ya nchi nzima hana anasa hiyo, na ndiyo maana rekodi nzuri ni kazi ngumu zaidi: inabidi imchekeshe mtu ambaye msimulizi hamuoni.

Mahali pengine duniani wachekeshaji nao huongea juu ya picha za kisayansi. Marekani kipindi cha Mystery Science Theater 3000, kilichoanza 1988 chini ya mchekeshaji Joel Hodgson, kilijenga jina kwa kuzikejeli filamu mbovu. Ni kazi ya akili, lakini ni nyepesi kwa jambo moja: watazamaji wao tayari wanaielewa filamu. Ugandani, filamu ya Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G. iliyotoka 2010 inajulikana duniani pamoja na sauti ya VJ Emmie, ambaye anaitania na kuipenda kwa wakati mmoja. Mtafsiri wa kwetu yuko karibu na Emmie kuliko Hodgson. Anaitania picha huku akimshika mtazamaji mkono ili asipotee.

Televisheni zetu zimechagua njia nyingine. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, iliyoingizwa sauti za Kiswahili na waigizaji, na baada yake zikaja nyingi za Kichina na Kituruki. Ni kazi nzuri, yenye studio na mikataba. Lakini kila mwigizaji humo anabaki ndani ya mhusika wake. Hakuna anayeweza kutoka nje ya hadithi akamweleza mtazamaji kwa nini mama mkwe amekasirika. Mtafsiri wa kibandani anaweza, na kwa hadithi za kisayansi uwezo huo ndio wenye thamani kuliko yote.

Kinachomkwamisha ni sheria, na haifai kuzungumza juu ya ufundi wake bila kuligusa hilo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza tafsiri yake, na filamu nyingi za vibandani hazijaombewa ruhusa ya mtu. Wasanii wa Bongo Movie wamelalamika kwamba soko lao linaliwa na picha za nje zinazouzwa kwa bei ya bure, na hoja yao ina uzito. Lakini makosa ya biashara yasitumike kuufuta ufundi. Kuna picha ambazo muda wa hakimiliki umekwisha, kuna tamthilia ambazo vituo vyetu hulipia kihalali, na kuna filamu za Kitanzania za lugha za makabila ambazo zingefika mbali zaidi zikipata msimulizi. Njia ya kumlipa mtu huyu bila kumuibia mwingine ipo.

Kwa hiyo wenye vituo vya televisheni na studio za Dar es Salaam, mnapotafuta sauti za kuingiza kwenye tamthilia mlizonunua, pandeni basi mje Mbeya na Iringa, mkae benchi la nyuma, msikilize. Na ninyi mnaouza picha kwenye flashi, acheni kufuta jina la aliyeitafsiri ili mbandike la duka. Mtu anayeweza kumfanya mkulima wa Uyole amuonee huruma kiumbe wa M-113 ni msanii kamili, na msanii kamili huandikwa jina kwenye kazi yake na kulipwa kwa mkataba.